Pipa Lililozidi Uzito Likiwa Tupu

Pipa lilikuwa zito zaidi likiwa tupu. Wa kwanza kuuhisi uzito huo ni dereva wa pikipiki aliyelileta, pamoja na Raphaël, kutoka Salamabila mpaka Kasongo. Alishuka akijishika kiuno.

"Papa, umeweka mutu humu ndani?"

"Nimeweka njaa yangu," Raphaël akajibu, maana alikuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri.

Mtu huyu alikuwa ametembea. Kalemie, Bujumbura, Lubumbashi. Kila alikotoka alirudi na hadithi mpya na kitambi kilichoongezeka. Lubumbashi ndiko alikoona bia ikitoka kwenye pipa la chuma kwa robine, kile kibomba cha kufungua na kufunga, povu jeupe kama shati la padri siku ya Pasaka. Akaapa kwamba pombe yake ya ndizi, ambayo majirani waliinywa kwenye kopo la plastiki huku wakipuliza makapi pembeni, nayo ingepata heshima hiyo. Na sasa sababu ilikuwapo: Plamedi, binti yake wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, alikuwa anaolewa na Alain wa Kabambare. Baba mtu alitaka kumsindikiza mpaka kwa wakwe, na alitaka wakwe wabaki midomo wazi.

Basi aliposikia kwamba Iliasi, mwenye baa kule machimboni Salamabila, anauza pipa la okazyo, lililokwisha kutumika, na mpira wake wa kupitishia pombe, robine yake na chupa ya gazi, alikwenda siku ileile.

Watu wa pombe wana desturi yao. Anayeuza chombo hukinywea kwanza mbele ya mnunuzi, ili ijulikane hakuna ubaya ndani. Iliasi alijaza kikombe, akakisukuma upande wa mgeni.

"Onja kwanza, kaka," Raphaël akasema.

"Miye niliachaka pombe."

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubui."

Raphaël akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanywa yeye. Pombe ilikuwa na ladha ya matope ya shimoni. Iliasi alimtazama akimeza, akatoka mlangoni mbio bila viatu, na hakurudi hata kuaga.

Nyumbani alilijaza pombe ya harusi, na pipa likawa jepesi kidogo. Ajabu, lakini yeye hakuwa fundi wa mizani. Kesho yake alitaka kwenda sokoni. Alipofika kwenye geti la ua, miguu ikagoma. Akailaumu mvua, kisha magoti, kisha uzee. Nyuma yake robine ikadondosha tone moja, tap, na koo lake likakauka hapohapo, na miguu ileile iliyokataa kwenda mbele ikamgeuza na kumrudisha polepole mpaka penye pipa, ambapo mpira ulikuwa unavuta pumzi na kuitoa, kama mtu aliyelala chali chini ya ardhi na bado hajaambiwa kwamba amekufa.

Waliitwa vijana wa nguvu walinyanyue. Halikutikisika.

Ndipo akaitwa Mama Mwamvita, mganga wa mtaa wa pili. Hakuligusa. Alinusa ile harufu ya udongo mbichi iliyojaa uani, akashusha sauti.

"Nani alikunywa mara ya mwisho?"

"Miye, mama."

"Basi wewe ndiye nyumba yake. Hii jini ni ya shimo, imezoea kuwa na mutu."

"Na nikilifukia?"

"Utajifukia wewe."

"Litoe basi hilo jini, nakuomba!"

"Hili halitolewi, baba. Linahama. Mwingine akinywa, linamufuata. Na nyumba lililoiacha, halirudii tena."

Raphaël akakumbuka miguu mitupu ya Iliasi. Angeweza kumwita jirani yeyote, tena angekuja na kikombe chake. Hakumwita. Aliifunga robine kwa kamba, akalifunika pipa kwa mashuka, akawaambia watu kwamba limeharibika. Na watu, waliochoshwa na sifa za Lubumbashi, walifurahi sana kusikia hivyo.

Siku ya harusi wageni wa Kabambare walikunywa pombe ya mtungini, wakacheza, wakawasha pikipiki barabarani. Raphaël alisimama kwenye geti, mwisho wa kamba yake isiyoonekana, akisubiri kumuaga mwanae.

"Papa, hautusindikize?" Alain akauliza.

"Magoti, mwanangu. Yamekataa kuolewa."

Wakacheka. Plamedi hakucheka. Alimwona baba yake alivyokonda, akadhani ni aibu ya pipa lililoshindwa. Akarudi uani na gauni lake jeupe, akavuta mashuka, akafungua kamba. Robine ikatii mara moja.

"Tazameni!" akaita, kikombe mkononi. "Iko nafanya kazi! Papa alitutengenezea sisi!"

"Usikunywe!" Raphaël akapiga kelele. "Plamedi, iko na jini!"

Wageni wote wakaangua kicheko, maana walikuwa wameambiwa kwamba baba mkwe hana neno lisilo mzaha, na kadiri alivyolia na kupunga mikono na kuapa kwa jina la marehemu mke wake ndivyo walivyozidi kushikana mabega na kufuta macho, hata Plamedi mwenyewe akatabasamu, akainua kikombe kwa heshima ya baba yake, akanywa chote.

Miguu ya Raphaël ikawa myepesi. Akajikwaa mbele, akajikuta barabarani, katikati ya pikipiki.

"Twende, mama," Alain akamwita bibi harusi.

Plamedi akaja mpaka kwenye geti. Akainua mguu. Ukabaki hewani. Nyuma yake robine ikasema tap.

"Papa," akanong'ona, "mbona koo langu limekauka?"

Raphaël alimpita mbio, akapiga magoti mbele ya pipa, akaweka mdomo kwenye robine na kunywa, kunywa, pombe ikimwagika shingoni, akisubiri yale matope. Hayakuja. Ilikuwa pombe ya ndizi tu, tamu, tamu kuliko zote alizowahi kupika.