Sekunde Tano za Gari Namba 27

"Chai imeiva. Mimina kabla ya saa nane."

Ujumbe uliingia saa mbili kasorobo asubuhi. Rukaya Uwesu aliusoma mara moja, akaufuta, akairudisha Samsung mfukoni.

Hakuhitaji kamusi. Mwanamke anayeitwa Tulinagwe alitakiwa akamatwe leo, kabla mbio hazijaisha.

Aliweka sawa kitambulisho kifuani. Kiliandikwa Mkaguzi wa Ligi. Chini ya koti, ubavuni, Glock 19 ilikuwa mahali pake. Akasukuma mlango.

Ukumbi ule ulikuwa Makandana, mjini Tukuyu, vyumba viwili vya mbele na nyuma vilivyotenganishwa na pazia la kitenge. Mbio zenyewe zilikuwa za mtandaoni. Timu thelathini na mbili kutoka nchi tisa, kila timu gari moja, madereva wawili wakipokezana kwa saa sita. Hakukuwa na petroli wala matairi ya kweli. Kulikuwa na skrini, pedali, na usukani wa Logitech uliofungwa kwenye meza ya mbao.

Wahalifu ndio waliokuwa wa kweli.

Mwezi Machi na mwezi Mei, kipunji walitoroshwa kutoka msitu wa mlima Rungwe. Kipunji ni kima adimu, duniani kote hawapo ila kwenye misitu michache ya nchi hii. Mnunuzi alikuwa mgeni mwenye fedha nyingi na bustani ya siri huko kwao. Siku mizigo hiyo miwili ilipoondoka, simu yake ilifungua ukurasa mmoja tu kwenye mtandao: orodha ya adhabu za ligi hii. Na kila mara alikwenda moja kwa moja kwenye gari namba 27.

Timu ya Tukuyu.

"Mgeni, karibu, karibu." Kijana mrefu mwenye fulana safi alimpokea huku akitabasamu. "Mimi Ezron, fundi wa timu. Nikuletee chai? Huku kwetu chai si ya kuuliza."

Alisema kwetu. Jalada lake Rukaya alilisoma kwenye teksi ya Probox, njiani akitoka uwanja wa ndege wa Songwe. Ezron alikuwa amefika Tukuyu miezi minane iliyopita.

"Asante," alisema. Alipokea kikombe na hakukigusa tena. Rukaya hakuwa na imani na mtu anayetabasamu kabla ya kujua umekuja kufanya nini.

Mbele ya skrini alikaa mzee mnene mwenye kofia ya sufu, mikono yote miwili kwenye usukani. Huyo alikuwa Ambindwile Mwakyoma, mwenye ukumbi na dereva wa kwanza. Aliendesha malori ya mafuta kwa miaka thelathini, akastaafu, mguu ukakataa kustaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mwanangu." Alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Sura hii kama naifahamu."

"Watu wanafanana, mzee."

"Eee. Wanafanana."

Rukaya alizaliwa mitaa mitatu kutoka pale. Aliondoka akiwa na miaka kumi na tano, na baba yake bado alikuwa na duka la vitambaa mjini. Idara ilimtuma yeye kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo yeye hakutaka kuja.

Saa mbili kamili mbio zikaanza.

Sauti ya Mkuu wake wa idara ikamjia sikioni kutoka Dar es Salaam. "Kisu, unanipata?"

Rukaya, ambaye kazini jina lake lilikuwa Kisu, alikohoa mara moja. Ndiyo.

"Sikiliza. Kanuni ya 14. Dereva anayeshuka lazima aandike mwenyewe, kwenye ubao wa wasimamizi, jina kamili la anayeingia. Asipoandika, adhabu sekunde tano. Mbio tisa za mwaka huu, Tulinagwe ameadhibiwa kwa kosa hilo kwenye saba. Hajakata rufaa hata siku moja. Mtu anayepigwa halafu halalamiki, ana faida na fimbo. Hizo sekunde tano ndizo ujumbe. Tukimkosa leo, mzigo umekwenda. Tukimpata, ni miaka thelathini jela."

Rukaya alikohoa tena. Miaka thelathini. Tulinagwe alikuwa na mtoto wa miezi mitano.

Saa tatu na nusu, mtu aligonga ukutani mara mbili kutokea nyuma.

Mzee alikuwa ameingiza gari piti, pale magari yanaposimama kuongezwa mafuta na kubadilishana madereva. Aliposikia hodi ile aliandika jina la anayeingia kwenye ubao kupitia simu, akavua vipokea sauti, akageuza kiti chote kuelekea dirishani. Pazia likacheza. Mwanamke mwembamba alipita kichwa chini, kanga imefunika mpaka shavuni, akachukua chupa ya maji mezani, akarudi nyuma. Hakumwangalia mzee. Mzee naye aliangalia mlima.

Rukaya alikuwa amekwisha sogea ukutani kumpisha, bila kufikiri.

"Ndiye Tulinagwe," Ezron alinong'ona, akicheka. "Mke wa Anyitike, mtoto wa mzee. Anyitike yuko zamu kiwanda cha chai. Mkwe na mkwe hawaonani, hawaongei. Mambo ya kizamani hayo, lakini nyumba hii bado wameng'ang'ania. Ndiyo maana kuna pazia na sukani mbili. Mimi nakaa hapo katikati na laptop, kama balozi."

"Na wanaendeshaje timu moja?"

"Wanaendesha vizuri kuliko wanaoongea."

Hiyo ilikuwa kweli. Tulinagwe alikuwa na kasi ya kutisha. Saa nne gari namba 27 lilikuwa la nne. Saa tano lilikuwa la kwanza.

Rukaya alikaa na tableti magotini, akishuku kila kitu. Alimshuku mzee kwa jinsi alivyomtazama. Alimshuku Tulinagwe kwa sababu aliamriwa. Alimshuku Ezron kwa sababu alikuwa amemuuliza mara tatu kama chai ina sukari ya kutosha.

Saa tano na robo, gari 27 likaingia piti.

Ubao wa wasimamizi ukaandika: Gari 27. Kasi ndani ya piti 66. Kikomo 60. Adhabu sekunde moja.

Dakika moja baadaye mstari mwingine ukatokea, kwa jina la Tulinagwe: Ambindwile Mwakyoma anaingia.

Rukaya aliusoma. Akausoma tena.

Alinyanyuka, akafunua pazia. Kiti cha Tulinagwe kilikuwa kitupu. Kupitia mlango wa uani alimwona amekaa kwenye kigoda, mtoto titini. Ezron alikuwa mezani pake, vidole bado juu ya laptop.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Ananyonyesha. Nimemwandikia mimi, mkaguzi, usimripoti. Mama wa watu anakimbia, mtoto analia."

"Sawa," alisema Rukaya. "Sijaona kitu."

Akatoka barazani na kujifanya anapiga picha mlima.

"Mkuu, siku za mizigo. Machi na Mei. Nisomee adhabu za gari 27."

"Machi, kasi 65 ndani ya piti. Mei, 67. Vitu vidogo, sekunde moja moja."

"Na zile za sekunde tano, za kutoandika jina?"

"Siku hizo mbili..." Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Siku hizo mbili hazipo. Jina liliandikwa."

"Simu ya dereva wa lori lililobeba mizigo iliwashwa saa ngapi pale Kyimo, barabara kuu?"

"Machi, saa tano. Mei, saa saba."

"Toa sitini, Mkuu. Inabaki tano, na saba. Leo ni 66. Mzigo unaondoka saa sita."

Casio mkononi ilisoma saa tano na dakika ishirini na tano.

Hakumngoja Mkuu aelewe. Alipiga namba nyingine. "Gidion, uko Kyimo?"

"Nipo." Sajini Gidion alikuwa amekaa na mizani na makreti tangu alfajiri, kama mnunuzi wa parachichi. "Bei leo mbaya, mama."

"Saa sita litapita lori. Kaskazini au kusini sijui. Funga pande zote mbili, bila king'ora."

"Haya."

Akarudi ndani. Ezron alimwangalia, naye akamwangalia Ezron, na wote wawili wakatabasamu. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mbio zote. Fundi alitazama simu yake mara sita. Rukaya alizihesabu. Mzee alikuwa kwenye kona, hana habari na dunia.

Saa sita na dakika tisa, simu ikaita sikioni.

"Mzigo tunao," alisema Gidion. Sauti yake haikuwa na utani tena. "Chini ya parachichi. Kipunji wawili, jike na kichanga. Wazima. Dereva anamtaja fundi mmoja wa Makandana."

Simu ya Ezron ilitetemeka wakati huohuo. Aliisoma, tabasamu likamtoka usoni. Akabana laptop kwapani na kuelekea uani.

Rukaya alikuwa nyuma yake.

"Fundi, mbio hazijaisha."

Ezron aligeuka na kumrushia chupa ya chai. Rukaya aliinama, chupa ikapasukia ukutani. Ezron akachomoa kisu. Rukaya akachomoa Glock.

Hapo hapakuwa na mjadala.

"Weka chini. Laptop kwanza, polepole."

Kisu kilianguka baada ya laptop. Pingu zikalia. Tulinagwe alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, amemkumbatia mtoto.

Rukaya alifungua laptop. Kile kizuizi cha kasi ambacho dereva anakitegemea ndani ya piti, anakanyaga mafuta mpaka mwisho akijua gari halitazidi 60, kilikuwa kimewekwa 66. Alipiga picha, akaituma Dar es Salaam.

Jibu lilikuja haraka. "Kazi nzuri. Leteni wote wawili."

"Mkuu, mwanamke hana hatia."

"Adhabu zina jina lake. Tangazo la leo lina jina lake. Unasema fundi aliandika leo, sawa. Nani kakuambia Machi na Mei si yeye?"

"Mila zake. Hawezi kutamka jina la mkwewe, wala kuliandika. Ndizo zile sekunde tano. Anapigwa faini kwa heshima, halafu rufaa angekata aseme nini? Lakini siku ya mzigo fundi anataka adhabu moja tu kwenye orodha, mnunuzi asichanganyikiwe. Kwa hiyo anaandika yeye, jina lote, vizuri. Kosa ambalo mkamwana wa nyumba hii hawezi kulifanya."

"Zama hizi? Kwa watu wanaocheza kompyuta? Kisu, siwezi kupeleka mila kwa hakimu."

"Nipe mpaka zamu ya mwisho. Fungua ubao, uangalie mwenyewe."

Mkuu alivuta pumzi. "Zamu ya mwisho. Basi."

Saa saba kasorobo Tulinagwe alikaa tena kwenye usukani, macho mekundu. Kizuizi kilikuwa kimerudishwa 60. Saa saba na nusu aliingiza gari piti, likiwa mbele ya timu ya pili kwa sekunde tisa.

Rukaya alisimama begani pake. Hakumwambia kwamba mtu Dar es Salaam anatazama. Hakumwambia habari ya miaka thelathini. Ilimuuma kunyamaza, lakini mtihani anaoujua mtahiniwa si mtihani.

"Mzee ndiye anamalizia?"

"Ndiye."

"Wa pili yuko sekunde tisa nyuma, na ana matairi mapya. Baba mkwe wako ataweza kumzuia, lakini si kwa zaidi ya sekunde tatu. Ukipigwa tano, mmepoteza. Andika jina lake, Tulinagwe. Fundi hayupo. Hakuna atakayeona ila mimi."

Vidole vya Tulinagwe vilisimama juu ya herufi. Upande wa pili wa pazia, kiti cha mzee kililia.

"Dada," alisema taratibu, "kombe hili analisubiri kuliko sisi wote. Ameshaliwekea na misumari ukutani."

"Basi andika."



Tulinagwe akaandika: Dereva mwenzangu anaingia.

Akabonyeza. Akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akaenda kwa mtoto wake.

Ubao ukajibu mara moja. Gari 27. Kanuni ya 14. Sekunde tano.

Sikioni, Mkuu akaita.

"Kisu."

"Naam, Mkuu."

"Mwache mama wa watu."

Rukaya aliegemea ukuta.

Mzee Ambindwile aliendesha nusu saa ile ya mwisho kama aliyebeba lita elfu arobaini mteremkoni. Alivuka mstari akiwa wa kwanza. Alimshinda wa pili kwa sekunde tatu. Wakaongeza zile tano na ile moja ya asubuhi, akawa wa pili.

Alivua vipokea sauti taratibu. Ukutani, misumari miwili ilikuwa mitupu.

"Ni ile adhabu yetu?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Pole."

Mzee aliangalia pazia, kisha akageukia dirishani, na kuanza kuongea na mlima kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Mwenye nyumba hii ana mkamwana. Makombe yanauzwa madukani. Ndaga fijo, asante sana."

Nyuma ya pazia mtu alilia, halafu akacheka. Mzee akaguna kwa furaha.

Rukaya alivaa miwani yake, akafunga koti. Nje, gari la Gidion lilikuwa limefika, Ezron ndani, kichwa chini. Kipunji na kichanga chake walikuwa njiani kurudi msituni.

"Kwaheri, mzee. Ripoti ya ukaguzi itakuja."

"Ripoti gani?" Mzee hakugeuza kiti. "Mkaguzi wa Dar asingejua kumpisha mkamwana ukutani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pitia dukani ukamwamkie mzee Uwesu, analalamika huonekani."

Rukaya alisimama mlangoni nukta moja. Kisha akashuka ngazi kwa mwendo wake wa kawaida, akapita gari la polisi bila kuliangalia, akakata kushoto kuelekea duka la vitambaa.