Koti la Bi Hind

Jumatano, alasiri

Jamaldin aliichora nyumba kwa kidole, kwenye unga uliomwagika mezani.

"Hapa mlango wa mbele. Hapa ua. Hapa jikoni, mlango wake watokea kichochoroni. Kesho hakuna bawabu. Mtu akisafiri safari ndefu, mji mzima huingia kumuaga. Hata sisi."

Ngumbao akacheka. "Hata mimi na miguu hii?"

"Wewe na miguu yako mtakaa nyuma na gari."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha tanuri la mikate, Bondeni. Jamaldin, serahangi wa zamani, msimamizi wa mabaharia melini, ndiye mkubwa wao. Ngumbao alikuwa hamali wa mkokoteni. Akil alifukuzwa kazi bandarini baada ya mgomo, akafungwa miezi sita Ngomeni. Alitoka na kikohozi ambacho hakijamwacha. Na dada yake, Mwanatumu, mshonaji wa Majengo. Bila yeye hapakuwa na mpango.

Sheikh Hamid na mkewe Bi Hind walikuwa wakienda kuizunguka dunia. Bombay, Singapore, Yokohama, Amerika, London, kisha kurudi kwa njia ya Suezi. Mwanatumu alikuwa ameshinda ghorofani kwao, Mji wa Kale, miezi miwili akiwashonea nguo za baridi. Mwisho likaja koti la sufu. Siku hiyo Bi Hind alifunga mlango, akamwaga dhahabu yake yote kitandani. Bangili, vikuku, mikufu. Kila kipande kishonewe ndani, baina ya sufu na bitana.

"Siri yangu na yako, mwanangu," alisema.

Jioni ile ile Mwanatumu alimwambia Jamaldin. Hakuona haya. Mwaka wa njaa, vita vikiendelea, Sheikh Hamid alifunga ghala lake limejaa mchele, akangoja bei ipande. Mama yao alianguka kwenye foleni ya mahindi ya manjano, kikapu mkononi. Hakuinuka.

Sasa Mwanatumu alikuwa ameshona koti la pili, sawasawa na lile. Ndani yake mlikuwa na nati za chuma. Kesho, kabla masanduku hayajafungwa, la uongo lingeingia sandukuni na la kweli kikapuni. Kikapu kingetoka kwa mlango wa jikoni, kipokewe na Akil na Ngumbao.

"Nina sharti moja," alisema. "Akil asikamatwe. Mengine yote na yaharibike. Akirudi Ngomeni, kifua chake hakitoki salama. Na mimi nitakutafuta wewe kwanza."

"Dada, mimi si mtoto," Akil alisema.

"Nyamaza. Sisemi na wewe."

Jamaldin aliufuta unga kwa kiganja. "Wallahi hakamatwi."

Alhamisi, kabla ya adhuhuri

Nyumba ilijaa mpaka barazani. Ubani, masinia ya pilau, watoto miguuni pa watu. Ghorofani Mwanatumu alibadilisha makoti, mikono yake mikavu kabisa. Sanduku likafungwa, makuli wakalishusha. Koti la kweli lilikuwa kikapuni, chini ya vipande vya vitambaa.

Alimkuta Jamaldin kwenye ngazi. Kanzu nyeupe, harufu ya marashi.

"Mambo yamebadilika," alinong'ona. "Kikapu nipe mimi, nitoke nacho mbele. Kule nyuma ni kwembamba mno."

"Na Akil?"

"Wabaki pale pale. Wasisogee."

Iliingia akilini. Mbele palikuwa na watu wengi. Nani angetazama kikapu kimoja? "Ningoje chini, nikifunike vizuri," Mwanatumu alisema.

Jamaldin aliteremka ngazi mbili, akasimama, akageuka.

"Mwanatumu. Kama nimekukosea kwa lolote, niwie radhi."

"Nimekuwia radhi," alijibu, kama mtu yeyote ajibuvyo.

Jamaldin akaendelea kuteremka.

Alimjua mtu huyu miaka mitano. Jamaldin aliwahi kumwangushia Akil gunia mkononi na hata pole hakusema. Na leo anaomba radhi? Watu huombana radhi hivyo wakitaka kusafiri. Na baharia, hata awe na roho ya jiwe, hatoki bandari ya Kilindini na kinyongo cha mtu shingoni. Bahari haichezewi.

Alichungulia chini. Jamaldin alikuwa ameinua kanzu ili asiikanyage. Ndani yake, suruali ya buluu. Ya kazi ya melini.

Kumbe naye anaizunguka dunia.

Basi Akil kawekwa nyuma kwa nini? Mwanatumu alikwenda kwenye dirisha la kichochoroni. Mkokoteni. Ngumbao ameketi juu yake. Akil ameegemea ukuta, anakohoa. Na pale konani, wasikoweza kuona wao, askari wanne na inspekta mmoja, wamejibana ukutani.

Macho yote ya serikali nyuma. Mlango wa mbele mtupu. Jamaldin alikuwa amewauza ili apate njia.

Mwanatumu hakulia wala hakupiga kelele. Alirudi chumba cha kushonea, akatwaa pasi yake ya makaa, akaizungushia kanga, akaitia kikapuni, na juu yake akaweka sahani ya haluwa. Kisha akalivaa lile koti. Akafunga vifungo vyote. Akavaa buibui juu yake.

Joto lilimkaba kama mkono.

Chini alimpa Jamaldin kikapu.

"Kizito," Jamaldin alisema, macho yakimeta.

"Kwani ulitaka chepesi? Haya, Mungu akufikishe."

Jamaldin akashtuka. "Wapi?"

"Bondeni. Kwani waenda wapi?"

Jamaldin alikikumbatia kikapu. Alipotea katikati ya wageni.

Mwanatumu alifungua mlango wa jikoni nusu. "Akil! Njoo utubebee sinia."

"Dada, kazi hii..."

"Njoo!"

Ngumbao alimtazama usoni. Kisha, bila kugeuza kichwa, aliyapeleka macho yake konani. Akaelewa.

"Ingia, mdogo wangu."

"Na wewe?"

"Tukiondoka wote watatufuata ndani. Mimi sijapata kulala Ngomeni. Nikaone kulikoje."

Akil alitaka kubisha. Dada yake alimvuta kwa shati, akambebesha sinia tupu kichwani, akamsukumia uani. Uani dua ilikuwa imeanza, mikono yote iko juu.

Nyuma, filimbi ikalia.

"Mali iko wapi?"

"Mali gani, afande? Gari langu halina hata panya."

Rungu lilisikika mpaka jikoni. Kisha jingine. Wanawake waliacha kuosha vyombo. Mwanatumu aliuma meno na kuelekea mlango wa mbele.

Baada ya adhuhuri

Sheikh Hamid alisimama mlangoni, akimwomba radhi kila atokaye. Inspekta alikuwa amezunguka mbele, kofia kwapani, anawatazama watu mikononi. Akil alipita na sinia lake. Hakuulizwa neno. Alipokanyaga barabara, Mwanatumu alishusha pumzi.

Zamu yake ikafika. Jasho lilimtiririka mgongoni mpaka visigino.

"Mwanangu," Sheikh alisema, "umetufanyia kazi njema. Niwie radhi."

Maneno mawili tu, apite.

"Kwa lipi, Sheikh?"

"Kwa lolote."

"Hata kwa mchele wa mwaka wa njaa?"

Watu waliokuwa nyuma yake wakasogea wasikie.

"Mama yangu akiitwa Nana binti Taib. Alianguka foleni, na ukuta alioegemea ulikuwa wa ghala lako."

"Sikujua, mwanangu."

"Hukuuliza. Sikuwii radhi."

Inspekta alisogea. "Anasema nini huyu?"

Sheikh Hamid alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Watu wote walimtazama yeye, si mshonaji. "Mambo yetu wenyewe," alisema. "Mwache apite."

Akapita.

Barabarani askari walikuwa wakimburuta Ngumbao, mikono kwa kamba. Meno mawili ya mbele hayapo. Alipomwona Akil na sinia kichwani alicheka, kinywa chekundu. Mkokoteni wake ulikuwa umepinduliwa mtaroni.

"Twende Majengo," Akil alinong'ona. "Haraka. Jamaldin je?"

"Yuko njiani kwenda Kilindini na pasi yangu. Akazunguke nayo dunia. Koti nimelivaa." Mwanatumu alikuwa akiutazama mkokoteni. "Liinue gari hilo."

"Dada!"

"Hawakumkuta na kitu. Leo au kesho watamtoa. Akitoka, akute gari lake na watu wake mlangoni."

"Mlango wa polisi? Na hilo ulilovaa?"

"Nishalizoea. Shika upande huo."

Wazee wa barazani waliinuka kuona mwanamke wa buibui ameshika mkokoteni. Mmoja akaita, "Bibi, hiyo si kazi ya..."

"Nipishe, baba."

Akampisha. Magurudumu yakalia juu ya mawe. Askari wa nyuma aligeuka, akawatazama, akawapungia mkono wende zao.

Mwanatumu alikaza mikono, akavuta, akamfuata Ngumbao.