Mkaja wa Mwanahamisi

"Mama, mbona hucheki?"

"Nacheka kwa ndani, mwanangu."

Biasha akageuka kumtazama mama yake vizuri. Mwanahamisi alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mkoba ameukumbatia mapajani, uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wala hakuwa peke yake. Ukumbi mzima wa sinema nyuma ya soko la Rumonge ulikuwa umenuna. Jumamosi mchana, joto la mabati, watu wamebanana mpaka mlangoni, halafu hakuna hata mmoja anayecheka kwenye sinema ya kuchekesha! Aibu gani hiyo?

Na sinema ilikuwa ya Ayubu, mchumba wa Biasha, harusi yao wiki mbili mbele. Mwaka uliopita Ayubu alitoa kichekesho chake cha kwanza, *Wakwe Hawaondoki*, habari za kijana aliyeoa akahamiwa na ukoo mzima wa mke. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia Muhuta hadi Nyanza-Lac hukosi mtu wa kuigiza yule baba mkwe anayeficha nyama mfukoni. Sifa zikampanda bwana kichwani, akatangaza sehemu ya pili. Sehemu ya pili gani, jamani? Kiporo! Baba mkwe yule yule, nyama ile ile, mfuko ule ule. Mtu akiteleza kwenye mafuta ya mawese mara ya kwanza, haya, tucheke. Mara ya pili, tuvumilie. Mara ya nne nani ana meno ya kutoa?

"Sha, huyu bwana yako amekwisha," Agata akanong'ona kutoka benchi la nyuma. Agata anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, meza yake na ya Mwanahamisi muuza mawese zinagusana.

"Ngoja kidogo. Ya kuchekesha iko mbele," Biasha akamjibu. "Ayubu mwenyewe ameniambia."

Kweli, ilikuwa mbele.

Akatokea Pontiani, rafiki wa Ayubu, amevaa kitenge cha kike na matiti ya matambara, bidoni, dumu la njano la mawese, kichwani. Mguu wa kushoto anauburuta. Kila hatua mbili anafuta mikono kwenye paja. Ukumbi ukaamka, maana hakuna mtu wa soko lile asiyejua ni nani anayetembea hivyo na kufuta mikono hivyo.

"Eh! Si Mwanahamisi huyo?" mtu akapiga kelele, na kicheko cha kwanza kikatoka.

Kwenye sinema wakwe wamekuja na posa. Wanatoa mkaja, ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi kumshukuru kwa tumbo alilolifunga kitambaa baada ya kuzaa. Pontiani anaisukuma kule.

"Mkaja siupokei! Tumbo sikufunga. Nitakulaje haki ya tumbo la mwenzangu?"

"Kwani mama, binti si wako?"

"Wangu wapi! Nilikwenda Magara kununua ndagala, wakanipimia, wakaniwekea na kitoto juu. Nyongeza!"

Ukumbi ukapasuka. Watu wakapiga mabenchi, wengine wakasimama, neno "nyongeza" likarushwa kutoka ukuta hadi ukuta. Biasha naye akacheka. Akacheka mpaka machozi, akapiga makofi, maana hatimaye sinema ya mpenzi wake ilikuwa imeokoka.

"Umeona, Mama? Si nilikuambia..."

Benchi lilikuwa tupu.

Alimkuta nyumbani, uani, ameketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

"Mama, ni mchezo tu. Nitamwambia Ayubu aje akuombe radhi kwa kukuigiza mguu."

"Mguu auigize. Mguu wote wanauona."

"Sasa umekasirikia nini?"

Mwanahamisi akafuta mikono kwenye paja, na mikono ilikuwa mikavu.

"Biasha, siku ya posa yako, mkaja niliupokea?"

"Ulisema utaupokea baadaye."

"Mkaja haupokelewi baadaye. Kaa chini."

Biasha akakaa.

"Maneno ya Pontiani ni maneno yangu. Sikuyasema barazani, niliyasema jikoni, na aliyeyasikia alikuwa mtu mmoja. Ayubu alinifuata akaniuliza, mama, mbona umekataa mkaja, tumekukosea nini? Nikamwambia. Hiyo ya nyongeza ameiongeza yeye. Mimi siwezi kusema hivyo, mutoto wangu, hata ulimi ukatwe."

"Mama, unaniambia nini?"

"Wakati ule nilikuwa nanunua ndagala Magara, mawese sijaanza. Mitumbwi ilikuwa inaleta watu waliokimbia vita ng'ambo, Kongo. Akaja mwanamke anaitwa Elda, tumbo kubwa, homa inamtetemesha. Alijifungua kwenye chumba nilichokipanga, mikononi mwangu. Siku ya tatu akafa. Alinishika hapa mkononi, akasema, 'Dada, mupatie jina la kwenu, asiteseke.' Nikakupatia jina la mama yangu."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, naye akaacha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uoga. Nilisema ukifika miaka kumi. Ukafika. Nikasema kumi na tano." Machozi yakamtoka. "Posa ilipokuja nikabanwa. Baba yako mdogo, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye angesimama kuwa walii wa kukuozesha, naye si damu yako. Ndoa ingekuwa mbovu. Baada ya Ayubu ikanibidi nimwambie na sheikh, kwa siri. Nikamwomba Ayubu anipe mpaka Ijumaa ya kabla ya harusi, nikuambie kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaapa kwa Mungu, ameshika mkono wangu huu wenye mawese."

Biasha akasimama. Akaenda kwenye ndoo, akachota maji, akasukutua mdomo. Akatema, akasukutua tena. Kile kicheko chake cha ukumbini alikihisi bado kimemganda kwenye fizi. Alikuwa amepiga makofi! Mama yake anavuliwa nguo mbele ya soko zima, kaburi la mama yake mzazi linachezewa, na yeye akapiga makofi.

Simu ikalia. Ujumbe.

*Roho yangu umeonaaa? Watu wamekufa kwa kicheko! Mama amefurahi?*

Biasha akaandika: *Ulijua kwamba mimi sijui?*

Ayubu akaandika, akafuta, akaandika.

*Nilidhani ameshakuambia.*

*Alikuomba umpe mpaka Ijumaa ya kabla ya harusi. Leo ni siku gani?*

Hapo simu ikaita. Akapokea.

"Biasha, tusikuze jambo. Kwani nimetaja jina la mtu?"

"Umemvalisha Pontiani bidoni na mguu wa mama yangu. Jina la nini tena?"

"Ni sanaa, mpenzi. Sinema ilikuwa imelala. Hata mimi niliona. Ilitaka kitu cha kuwaamsha watu."

"Ukaona umwamshe Elda?"

"Elda ni nani?"

Biasha akakata simu. Hata jina hakulishika! Mtu anaiba siri ya watu, na ile siri yenyewe hakuisikiliza vizuri.

Tusidanganyane lakini, alimpenda. Ayubu alikuwa akimpeleka Magara kula samaki mukeke wa kuchoma, anamtoa miba kwa vidole vyake mwenyewe, anamwekea minofu tu. Mapenzi ya miaka mitatu hayatoki kwa kusukutua. Jioni ile Biasha alilia kilio chote, kichwa mapajani kwa Mwanahamisi, na hakuna aliyejua nani anambembeleza mwenzake.

Jumapili asubuhi, hodi.

Aliingia kwanza mzee Mbaraka, mjomba wa Ayubu aliyemleta siku ya posa. Nyuma yake Ayubu, kanzu nyeupe, kichwa chini. Nyuma kabisa Pontiani amebeba mfuko wa sukari na mchele.

"Amahoro, wenyeji," akasema Mbaraka. "Mwanahamisi, nimekuja na uso wa aibu. Kijana ameniambia amekosa. Nimemleta aseme mwenyewe."

"Karibuni," akasema Mwanahamisi.

Ayubu akapiga magoti mkekani.

"Mama, nisamehe. Mimi ni mwanao niliyepotea. Shetani alinipitia, nikasahau... nikasahau..." Akakohoa. Akajiweka sawa, kisha akaanza upya toka mwanzo. "Mama, nisamehe. Mimi ni mwanao niliyepotea. Shetani alinipitia, nikasahau kwamba heshima ya mama mkwe ni heshima ya mama mzazi."

Neno kwa neno, na kilio pale pale. Mwanahamisi alikuwa ameshaanza kulainika, ananyoosha mkono amwinue. Lakini Biasha alikuwa amekaa miaka mitatu kando ya kazi za Ayubu, akimshikia vitambaa na kuwapikia waigizaji wake. Alijua ni mtu gani anayekosea maneno akarudia toka mwanzo. Mtu anayeomba msamaha wa kweli akikwama, hukwama tu.

Tena kwa nini Ayubu analia huku uso ameugeuzia mlango? Mama yuko huku!

Mlangoni alisimama Pontiani, hataki kukaa, kifua mbele. Kwenye mfuko wa shati lake simu ilikuwa imechungulia, jicho lake nje.

"Pontiani, kaa basi," Biasha akasema.

"Niko sawa, shemeji. Murakoze."

"Geuka basi kule."

Pontiani akamtazama Ayubu. Ayubu akatazama mkeka. Biasha akainuka, akaichomoa ile simu mfukoni. Ilikuwa inarekodi tangu walipobisha hodi. Akamkabidhi mzee Mbaraka bila neno.

"Hii ni nini?" mzee akauliza.

"Mzee, mimi ni mutu wa kutumwa," Pontiani akajitetea, sukari bado mkononi. "Amesema sehemu ya tatu inataka machozi ya kweli. Amesema hii ya pili watu wameitukana, basi tuwape kitu cha kugusa moyo. Mimi nilimwambia iko mubaya."

"Astaghfirullah!" Mbaraka akashika kichwa. "Ayubu! Umenitoa kitandani nikuombee msamaha, kumbe umenitia kwenye sinema yako?"

"Mjomba, ningewaomba ruhusa baadaye..."

"Nyamaza! Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Dada yangu, Mungu amrehemu, alidhani amekulea. Kumbe amelea nini huyu? Yaani nikikutazama, natapika."

Ayubu akamgeukia Biasha. Sasa machozi yalikuwa yamekauka, na pengine hapo ndipo alipoanza kusema kweli.

"Biasha, nisikilize. Mimi nakupenda."

"Najua."

"Nitaifuta. Ile sehemu ya mkaja nitaikata, hakuna atakayeiona tena."

"Wameshaiona. Na mimi nimeshaicheka. Utaukata mdomo wangu?"

"Harusi ni wiki mbili! Kadi zimetoka. Watu watasema nini?"

"Watasema uliyowafundisha kusema. Wataniita nyongeza. Sikia, Ayubu. Mimi na mama yangu tulikuwa wawili, na tulitosha. Nyongeza ulikuwa wewe."

Mzee Mbaraka akaifuta ile picha mbele yao wote, akamrudishia Pontiani simu yake. Vitu vya posa Biasha akavitoa mwenyewe chumbani, akavipanga mkekani, na mkaja ukiwa juu, bado na karatasi yake. Ayubu akavibeba. Ule mfuko wa sukari na mchele Mwanahamisi alikataa usibaki hata barazani. Walipotoka, akamwaga maji mlangoni akafagia, kama anavyofanya samaki akioza.

Jumatatu Mwanahamisi hakutaka kwenda sokoni.

"Nitapitaje pale? Tangu juzi wananiita nyongeza mpaka watoto."

"Tangulia, Mama. Mawese hayajiuzi. Nakuja nyuma yako."

Akaenda. Kweli walikuwepo wa kucheka. Mbeba mizigo mmoja akaburuta mguu nyuma yake, mwingine akaita, "Mama, nipimie na nyongeza!" Agata akawarushia maji ya samaki.

Biasha akafika saa nne, amevaa vizuri, mkononi kitenge kipya, kile alichojinunulia cha kuvaa siku ya pili ya harusi. Akapita katikati ya meza mpaka kwa mama yake.

"Mama, simama."

"Biasha, watu wanaangalia."

"Waangalie. Jumamosi walilipa kuangalia uongo. Hii ni ya bure."

Mwanahamisi akasimama. Soko la upande ule likapunguza kelele, hata yule mbeba mizigo akaweka mguu wake sawa. Biasha akakikunjua kitenge, akakipitisha kiunoni mwa mama yake.

"Ni nini hiki?"

"Mkaja wako."

"Mwanangu." Mwanahamisi akamshika mikono, akazungumza kwa sauti ya chini. "Nimekuambia kweli yote. Tumbo sikufunga. Haki hii ni ya Elda."

"Elda Ijumaa tutakwenda Magara kumwombea dua, mimi na wewe, utanionyesha kaburi. Lakini mgongo je, Mama?"

"Mgongo?"

"Mgongo hukufunga? Ulinifunga mgongoni miaka mingapi, ukipanda milima na bidoni kichwani, mpaka mguu huu ukaharibika? Nani mwingine alinifunga?"

Biasha akakaza fundo, akalichomeka vizuri. Nyuma ya meza ya ndagala Agata akapiga kigelegele, na mwanamke mwingine akakipokea, na mwingine, mpaka kikafika kwenye mlango wa ukumbi wa sinema, ambako tangazo la sehemu ya pili lilikuwa limeanza kubanduka.

Mwanahamisi akataka kufuta mikono kwenye paja kama kawaida yake. Akaona nguo ni mpya. Akaiacha mikono hewani, imejaa mawese, akasimama hivyo hivyo akilia mpaka binti yake alipomletea kitambaa.