Aliyekaa Miguuni pa Wagonjwa

Godoro la mzee Sirili lilikuwa limebonyea upande wa miguu, kana kwamba kuna mtu amekaa. Hapakuwa na mtu.

Nesi Hilaria alidhani ni springi. Ilikuwa mchana wa Julai, mwaka tisini na nne, ukungu umeshuka mlimani mpaka madirisha ya wodi ya upasuaji yamekuwa meupe.

"Shikamoo, babu. Kidonda kinauma?"

"Marahaba. Navumilia." Alikuwa amepasuliwa ngiri asubuhi ile. Jasho lilimtiririka, meno ameyauma.

Ndipo Hilaria akasikia harufu ya mbege, pombe ya ndizi, iliyochacha, na sauti ya kufyonza, taratibu, kama ya mtu anywaye kwa mrija. Sirili akamshika mkono.

"Sista, kuna mwanamke hapo," akanong'ona. "Ananikataza kusema. Nikinyamaza, anashiba."

Wiki ile walikuwa wamekufa wagonjwa wale wale waliosifiwa kwa kujikaza, na vidonda vyao vilikutwa vikavu, havina hata tone la damu.

Hilaria alimfuata matroni Mektrida, mwenye ufunguo wa kabati la pethidini, dawa ya kutuliza maumivu makali.

"Hiyo ni ya wanaolia," alisema Mektrida. "Mwanaume mzima wa Uru, umdekeze?"

"Njoo umwone mwenyewe, matroni."

Walipofika, bonde la godoro lilikuwa limepanda hadi magotini pa mzee, na shuka lilikuwa likijivuta lenyewe kuelekea kwenye kidonda, polepole, kwa mikunjo midogo kama ya vidole vinavyopapasa, huku ile sauti ya kufyonza ikizidi na midomo ya Sirili ikigeuka rangi ya majivu. Mektrida alianza Salamu Maria, ikamkatikia njiani. Akatoa ufunguo.

Hilaria alirudi na sindano. Akasogea hadi ubavuni pa kitanda.

"Babu, lia."

"Mbele ya watu, sista?"

"Mbele yangu. Mimi ndiye wa kuambiwa, siyo huyo."

Sirili akalia, kilio kirefu cha mtoto, na Hilaria akamdunga. Godoro likainuka ghafla.

Kisha kitanda cha jirani kikabonyea. Alilala hapo Eliona, binti wa Kibosho aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye tangu azinduke hakuwa amesema neno.

Hilaria alikwenda akaketi palepale palipobonyea. Baridi ilimpanda hadi mgongoni, na kitu kikamsukuma. Hakuondoka.

"Niambie, mdogo wangu," alisema. "Unaumwa wapi? Sema kwa nguvu, kisikie."