Hodi kwenye theluji

Mimi nimezunguka nchi nyingi, na katika kila moja kuna kitu nilikikimbia. Kwingine kilikuwa bata. Hardy, fundi simu wa pale soko la Warwick, si mwoga kama mimi. Septemba, baridi ikiisha, alimsindikiza rafiki yake Ilyaas, anayeongoza wapanda mlima, kwenye milima ya Drakensberg. Ilyaas alitaka kujua kama theluji ya mteremko mmoja ingeporomoka, maana kesho yake angepitisha watu pale.

Jua la mchana lilikuwa limeilainisha. Jioni ukungu ukashuka, giza likaingia, na chini ya theluji maji yakasikika yakitiririka. Ilyaas alichomeka fimbo ndefu. Theluji ikaguna, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Eish, Hardy, iko mbaya. Tabaka la chini limeoza kwa maji. Hapa hapapitiki."

"Ngoja niwaulize wenyewe," Hardy alicheka, akaigonga fimbo. "Hodi!"

"Karibu," sauti ilijibu kutoka chini. "Pita tu, Hardy, iko salama."

Ilikuwa sauti ya Ilyaas. Na Ilyaas alikuwa amesimama kando yake, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.