Kiti cha Dirishani

"Umesahau nini tena?" mama yake alimuuliza kabla hajafunga mlango.

Kasuku alisimama na mfuko wa mikate mkononi. Ndiyo kwanza anafika kutoka kazini, hata jasho la njiani halijamkauka. Akamwambia mama hajasahau kitu, ndiyo kwanza anaingia.

"Usinichezee akili, mwanangu. Umeingia muda si mrefu, ukanisalimia, ukaniambia nisiinuke. Nimekisikia na kiti kikilia ulipokaa."

Pale dirishani kulikuwa na kiti cha mbao cha marehemu baba, ambacho hakikaliwi siku hizi ila na nguo zinazosubiri kukunjwa. Kilikuwa kitupu. Chumba kilinuka nguo mbichi zilizofungiwa kabatini, naye akadhani ni unyevu wa mvua. Alicheka, akaenda kukata mikate. Uzee una mambo yake.

Lakini aliporudi na sindano ya jioni, mama alivuta mkono wake akauficha ndani ya kanga. "Umeshanichoma," alisema. "Unataka kuniua kwa kunichoma mara mbili?"

Kisukari kilikuwa kimempofusha siku nyingi, kisha kikamla hisia za ngozi, hata ukimshika mkono hakujua ameshikwa na nani, wala sindano ikiingia hakuisikia. Alichobakiwa nacho ni masikio, na masikio yenyewe yangeweza kumtambua mwanawe kwa kikohozi tu, katikati ya soko. Dada yake Kasuku aliwahi kumletea mama yao mlezi wa kumsaidia. Yule mlezi alitimuliwa kwa bakora siku ya kwanza. "Mimi nachomwa na sauti ninayoijua," mama alisema, na maneno yakaishia hapo.

Na sauti hiyo mtaa mzima ulikuwa unaijua. Kazi ya Kasuku ilikuwa kutia maneno ya Kiswahili katika filamu za kigeni, na aliifanya peke yake: kinywa kimoja, mzee ni yeye, mtoto ni yeye, jambazi ni yeye, na mwanamke anayelia ni yeye vilevile, ndevu na yote. Alifanyia kazi hiyo katika chumba kisicho na dirisha, kuta zimegongelewa mablanketi, ambamo adhuhuri haina tofauti na usiku. Shemeji yake, mume wa dada, alikaa chumba cha nje na mitambo ya kurekodi.

Filamu alizozipenda ni zile za watu wasiojuana waliokwama mahali pamoja, kila mmoja ana siri yake, na mwisho mambo yanageuka chini juu. Hakuzitazama kabla. Aliingia nazo kichwakichwa, ili mwisho umkute kama unavyomkuta mtazamaji, na watu waliposikia sauti yake ikitetemeka walijua hatanii. Mwishoni, majina ya waigizaji yakipanda, alifunga kwa maneno yaleyale ambayo hata watoto wa mtaani waliyaimba: "Aliyewasemea wote hao ni mimi, Kasuku. Zimeni, mkalale."

Aliyemfundisha kazi hiyo alimwachia sharti moja. Wape sauti wenye midomo tu. Mbuzi mpe, hata maiti mpe, maana alikuwa nao. Kisicho na mdomo kiache kama kilivyo, kisije kikaazima wako.

Kasuku alilishika sharti hilo kwa muda mrefu, kama mtu anavyoshika wosia asioujua maana yake. Halafu ikaja filamu ya nyumba ya wageni mlimani. Mafuriko yamechukua daraja, simu haishiki, na ndani kuna daktari, dereva wa lori, bibi harusi asiye na bwana na watu wengine wawili watatu, wote wamealikwa kwa barua na hakuna anayemjua mwenyeji. Mezani wamekaa wote. Dirishani kuna kiti kitupu. Kimya kikawa kirefu, na Kasuku hakupenda kimya, maana kimya ni njaa kwa mtu wa kazi yake. Akakisemea kile kiti, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuibana: "Mnanitafuta wapi na nyie? Mwenyeji wenu si mimi hapa, nawatazama tangu mlipoingia."

Shemeji kule nje alicheka mpaka akakohoa. Wakaiacha ndani.

Ndiyo kesho yake mama akauliza amesahau nini.

Siku zilizofuata mama alianza kudhoofu. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na pumzi yake ikanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Kila Kasuku alipokuja na sindano aliambiwa imeshachomwa. Aliitazama chupa ya dawa, haikupungua. Alibembeleza, akafoka, siku moja akajaribu kumshika kwa nguvu, mama akalia kwa uchungu hata yeye mwenyewe akaona haya, akamwachia. Hospitali nayo mama aliikataa, akisema dawa anapata nyumbani.

"Basi niambie, Mama, nani anakuchoma?"

"Wewe," mama alijibu, akishangaa. "Unakaa pale dirishani, tunaongea. Siku hizi una maneno matamu kuliko zamani."

Hapo simu ya Kasuku ililia. Alikuwa shemeji, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza karibu na aliyelala.

"Shemeji, njoo usikilize kitu. Njoo sasa hivi, usiniulize kwenye simu."

Alimkuta amesimama mbali na mitambo yake. Walisikiliza pamoja. Palikuwa na pahali katika filamu ambapo bibi harusi anapanda ngazi na hakuna anayesema, na hapo, chini ya mvua, sauti ya Kasuku ilisema taratibu: "Mama, nimerudi. Usiinuke." Kiti kikalia. Kisha ikasema: "Nimeshakuchoma, Mama. Hukusikia tu."

"Haya uliyasema lini?" shemeji alinong'ona.

"Sijayasema."

"Kwenye picha sasa kuna mtu kwenye kile kiti. Ametupa mgongo. Mimi nimeirudia mara nyingi, shemeji, na sikuwahi kumuona kabla. Usinitanie, nina watoto."

Kasuku hakuwa na utani hata wa kuazima. Alikaa sakafuni.

Dada yake ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mama mmoja wa makamo aliyepiga pasi nguo za watu kwa ujira, na alifika na moshi wa mkaa mikononi, akisema ameacha mashati ya mtu hayajaisha. Hakuwa na mbwembwe. Alisikiliza ile sehemu mara moja, akaomba izimwe.

"Huyu alikuwa anakaa kwenye ukimya wake, hana neno na mtu," alisema. "Jini asiye na sauti hana mlango wa kuingilia kwa watu. Wewe umempa. Na kwa kuwa umempa yako mwenyewe, ameingia pale inapopendwa zaidi."

"Anamtaka nini mama yangu?"

"Hamtaki mama yako. Anautaka mlango. Huyo mama akifa akiamini ni wewe uliyekaa naye, hakuna wa kumtoa tena."

Alimpa dawa yake, nayo ilikuwa rahisi kuisikia. Aketi mbele ya filamu ileile tangu mwanzo hadi taa iwashwe, kipaza sauti mbele yake kiko wazi, na asitamke neno. Kila pahali alipomsemea, sasa amnyime. "Ukitamka hata moja," mganga alisema, "utakuwa umempa na hiyo iliyobaki. Taa ataiwasha shemeji yako. Kabla ya taa, wewe ni bubu."

Walianza mchana ule ule. Mganga alifukiza chumba, akatoka, akakaa nje na shemeji.

Daktari akasema kwa lugha yake, Kasuku akanyamaza. Dereva wa lori akapiga meza, Kasuku akanyamaza. Ilimuuma kuwaacha watu hao wakifungua midomo bila yeye, na kadiri filamu ilivyosonga ile harufu ya nguo mbichi ilipanda toka chini ya mablanketi, na yule wa kwenye kiti, ambaye mwanzoni alikuwa kivuli tu, akaonekana shati lake, na shati lilikuwa la mistari, na Kasuku akajitazama kifuani akaona mistari hiyohiyo, na masikioni mwa yule mtu mlikuwa na visikilizio kama vyake, na ndani ya visikilizio vyake yeye sauti yake ikaanza kumbembeleza, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo mama peke yake analijua, ikimwambia mama ameanguka, ameanguka bafuni, jibu basi, sema naam tu, naye akang'ata kitambaa cha mkono wa shati mpaka akaonja damu, machozi yakimtiririka, wala hakutamka.

Mwisho ukafika. Barua zote, ikafahamika, wageni walijiandikia wenyewe, na mwenyeji hakuwahi kuwepo. Picha ikasogea polepole hadi dirishani. Kiti kilikuwa kitupu.

Harufu ilikatika. Kasuku alitoa kitambaa mdomoni, akavuta pumzi mpaka tumboni. Akilini alimwona mama yake akila mkate jioni ile, akimtania kwamba hajaoa kwa sababu ya umbea. Alijua ameshinda. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda, na kinywa chake, ambacho kwa miaka yote hiyo hakikuwahi kuyaacha majina yale yapite hivihivi, kikafunguka chenyewe.

"Aliyewasemea wote hao ni mimi, Kasuku. Zimeni, mkalale."

Aliisikia sauti yake kwenye spika. Kooni mwake hakikutoka kitu.

Taa iliwaka. Akauvuta mlango, ukakataa kufunguka, na kule nje, kwenye spika za shemeji, akasikia sauti yake ikisema kwa furaha, "Tayari, shemeji. Amekwisha. Mpeleke mama wa watu kwa pasi zake, mimi nafunga." Alipiga ngumi mlangoni, mablanketi yakala kishindo. Akasikia shemeji akicheka kwa kupumua, akimshukuru Mungu, akiondoka. Mlango ulifunguka baadaye, ulipotaka wenyewe.

Alikimbia. Watu njiani walimwita, "Kasuku, vipi leo hutusemeshi?" Alikimbia jua likiwa bado kali, simu akaisahau mezani studio.

Mlango wa nyumba ulikuwa umeegeshwa. Mama alikuwa amelala kitandani, midomo imepasuka, pumzi fupifupi, ile harufu ya tunda imejaa chumba. Uso wake ulikuwa umeelekezwa dirishani, na alikuwa anatabasamu.

"Nani huyo mlangoni?" mama aliuliza.

Kasuku alifungua kinywa kwa nguvu zake zote.

"Hakuna mtu, Mama," sauti yake ilijibu kutoka dirishani. "Ni upepo."

Alijaza sindano. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaubusu mkono wa mama, mkono usiojua umebusiwa na nani, kisha akaegemea kitandani, akauinua apate pa kuchoma. Mama akajua mkono wake unavutwa, akakisikia na kitanda kikizama kwa uzito wa mtu. Tabasamu likafa.

"Mwanangu," aliita, kwa hofu ambayo Kasuku hajawahi kuisikia maishani mwake. "Mwanangu, kuna mtu ananishika. Njoo umtoe."

"Nakuja, Mama," sauti yake ilisema, na kiti cha dirishani kikalia kama kinavyolia mtu anapoinuka.