Chombo cha Kabagwira

Jua lilikuwa limekaribia kugusa ziwa wakati jeep ilipochemka, kwenye kona ya mwisho kabla barabara haijaanza kushuka kuelekea Baraka.

"Mama," alisema Wilfried, akiinua boneti huku mvuke ukimpiga usoni, "kule chini ya kona nasikia maji. Unaweza tuchotea? Mi nabaki na gari."

Adolphine alichukua bidoni ya manjano, dumu la maji. Ndani ya gari mjukuu wake Néhémie alikuwa analia. Miezi mitatu tu. Alikuwa amelia tangu Bibokoboko kule mlimani, kile kilio chembamba cha mtoto aliyenyonya na hakupata kitu.

"Maziwa haitoki, Mama," alisema Merveille, mke wa Wilfried, bila kuinua macho. "Juzi tulipofika kwako ilipungua. Leo haitoki kabisa."

Adolphine aliangalia mfuko wake chini ya kiti, akaangalia pembeni, akashika njia ya majini.

Safari yenyewe ilikuwa ya furaha. Wilfried alikuwa ameazima jeep ya rafiki yake Bukavu ili amwonyeshe mkewe nyumbani kwao. Walisimama Mboko, wakala samaki wa kukaanga kando ya barabara. Baraka, nyumbani kwa Adolphine, walipiga picha na mitumbwi. Na asubuhi ya leo Wilfried alisema, "Sasa tupande mlimani. Nataka kuona kule maziwa yangu ilitoka."

Maana Wilfried alikuwa anajua nusu ya habari. Alijua kwamba alipozaliwa, miaka thelathini iliyopita, maziwa ya mama yake yalikauka. Alijua kwamba mama yake alikuwa anapanda Bibokoboko kila siku ya soko kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, na kwamba mama mmoja mfugaji wa huko, jina lake Kabagwira, alimwonea huruma. Kila juma Kabagwira alimjazia maziwa katika chombo chake mwenyewe, chombo cha mti mweusi chenye kifuniko cha kusukwa, kilichofukizwa moshi wa majani mpaka kikanukia vizuri. Hakutaka kitu. Alisema maneno mawili tu.

"Usitie samaki. Na siku utakirudisha, weka jani bichi ndani."

Nusu nyingine Wilfried hakuijua.

Siku moja, akipanda na chombo kitupu, Adolphine alikutwa na mvua. Kikapu chake kilikuwa kinavuja. Kulikuwa na ndagala nzuri amemwekea mteja wake mkubwa, na kulikuwa na chombo kikavu, chenye kifuniko kizuri. Mtu wa ziwani hawezi kuona ubaya wa ndagala. Ni chakula. Ni karo ya shule. Akazitia ndani, akafunika, akaendelea kupanda.

Mvua ilipokatika alifungua. Harufu ikamjia usoni, na hapo ndipo akakumbuka.

Akageuka njiani, akarudi nyumbani. Alikisugua kwa mchanga. Alikisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa maji ya moto. Harufu haikutoka. Akaona haya, na hakupanda Bibokoboko tena. Baada ya miezi michache akasikia sokoni kwamba ng'ombe wa Kabagwira wanakauka maziwa, mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo wafugaji husema huletwa na samaki ndani ya chombo. Chombo akakiweka juu ya kabati, nyuma ya sahani za sikukuu.

Leo alikuwa amekitia kwenye mfuko ili akirudishe.

Hakukirudisha. Waliingia nyumba ya Umurerwa, binti wa Kabagwira, wakapewa maziwa na viazi. Umurerwa alimshika Wilfried mikono yote miwili, akacheka. "Kumbe njo wewe? Ulikunywa maziwa yetu mpaka ukakuwa murefu hivi." Halafu akamgeukia Adolphine. "Mama alikufa akikungoja. Mpaka siku ya mwisho alisema, ule mama wa ziwani atarudi, iko na chombo yangu."

Mfuko ulikuwa juu ya magoti ya Adolphine. Angefungua tu.

"Ndani ya mufuko iko nini, Mama?" aliuliza Wilfried.

"Nguo ya mutoto," alisema Adolphine, akamaliza maziwa yake.

Sasa alikuwa anashuka kwenye kijito, bidoni ikimgonga paja. Maji yalikuwa yanapita kati ya mawe, meusi, baridi. Ndege walikuwa wamenyamaza.

Kwanza ilikuja harufu.

Moshi. Moshi mtamu wa majani yanayochomwa ndani ya vyombo vya maziwa. Alisimama. Hakukuwa na nyumba karibu.

Halafu sauti.

Shwii... shwii... shwii...

Kila mtu aliyewahi kulala kwa wafugaji anaijua sauti hiyo, uzi wa maziwa ukipiga ndani ya mti. Adolphine alitafuta ng'ombe kwa macho. Hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na mama mzee amekaa juu ya jiwe, amempa mgongo, shuka limefunika kichwa. Mikono yake ilikuwa inapanda na kushuka mbele yake, mmoja, mwingine, mmoja, mwingine.

"Ulikawia, Mama Wilfried."

Sauti ile ile. Miaka thelathini haikuwa imeigusa.

Adolphine alitaka kukimbia. Akabaki amekumbatia bidoni.

"Mutoto yako anaendelea?"

"Anaendelea," alinong'ona. "Iko kule juu, na gari."

"Najua. Maziwa yangu iko ndani yake." Mikono ilipanda, ikashuka. "Na ule mudogo anayelia?"

"Mutoto wake."

"Iko na njaa."

"Ndiyo, mama."

"Leta chombo yangu. Nimuwekee."

Mfuko ulikuwa garini, si mbali. Lakini Adolphine alijiona akifungua kile kifuniko mbele ya mama yule, na harufu ya samaki ikitoka, baada ya miaka thelathini ya kungojewa. Ni ajabu, lakini aliogopa aibu kuliko alivyomwogopa aliyekufa.

"Sina," alisema. "Nilikisahau nyumbani."

Shwii... na kimya.

Mikono ile ilikuwa imesimama hewani.

"Basi," alisema mama mzee, taratibu, bila hasira. "Kama chombo haiko, nitamupa bila chombo."

Adolphine alipepesa macho. Jiwe lilikuwa tupu. Kutoka chini yake uzi mweupe ulikuwa unashuka majini, mwembamba, ukapotea.

Na kule juu barabarani, kilio cha Néhémie kikakatika.

Alijaza bidoni bila kujua anafanya nini, akapanda mbio. Wilfried alimpokea maji, akamshangaa.

"Mama, ulipita wapi? Si sasa hivi ulikuwa hapa dirishani, umemubeba mutoto?"

"Mimi?"

"Nilikuona kwa mugongo. Ulikuwa umejifunika."

Ndani ya gari Merveille alikuwa anafikicha macho. "Nilisinzia kidogo. Nilisikia unamuchukua, Mama. Mikono yako iko baridi kabisa."

Néhémie alikuwa amelala juu ya mapaja yake, tumbo limejaa, ngumi zimefunguka. Pembeni ya mdomo wake kulikuwa na tone jeupe. Adolphine alilifuta kwa kidole, akakileta puani.

Moshi.

Akaficha hilo pia. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa siku moja.

Tangu jioni ile mtoto hakutaka titi la mama yake. Hakutaka chupa wala uji mwepesi. Mchana alilala, akacheka, akacheza na vidole vyake. Na kila jioni, jua likigusa ziwa, aligeuza uso upande wa milima, akafungua mdomo, akaanza kunyonya hewa. Koo lake lilikuwa linameza. Mtu aliweza kusikia... glu, glu, glu. Halafu alicheua, akalala. Nesi alimweka kwenye mizani, akafurahi. "Mutoto munene hivi, munalalamika nini?"

Merveille alilia chumbani peke yake. "Haniangalii tena," alimwambia mumewe. Wilfried aliomba kazini kwake siku zaidi za likizo. Aliendelea kumtazama mama yake, kama mtu anayetaka kuuliza na hajui aanzie wapi.

Siku ya tisa simu ya Adolphine ililia. Alikuwa Umurerwa.

"Mama Wilfried, niombee. Iko ngombe yangu moja, njo ile inatulisha sisi wote. Ya mwisho ya ukoo wa ngombe ya mama. Kila jioni inarudi nyumbani tupu, kama muntu amekwisha kuikamua. Na nyayo ya muntu haiko. Batoto yangu wanalala na njaa."

Adolphine aliketi kitandani, simu imebanwa sikioni. Watoto wa Umurerwa alikuwa amewaona. Watatu, mdogo bado ana meno ya maziwa. Walikuwa wamempa kiti.

"Nakuja," alisema.

Usiku huo alimweleza Wilfried yote. Mvua, kikapu, ndagala, kabati, mfuko, kijito. Wilfried alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Kwa nini hukusema siku ile, Mama? Bangecheka tu, pengine."

"Pengine," alisema Adolphine.

Asubuhi alipanda nyuma ya pikipiki ya Fabien, jirani yake, chombo kifuani. Walipofika kwenye kona alimwomba asimame. Alitaka kuchuma jani bichi pale majini.

"Maji gani?" alisema Fabien. "Kijito ya hapa ilikauka tangu mulima ulianguka. Ni mwaka wa tatu huu."

Adolphine alichungulia. Mawe makavu, vumbi, nyasi zilizoungua na jua. Alikumbuka bidoni aliyomkabidhi Wilfried, na injini ikapoa, na gari likatembea mpaka nyumbani. Jani alilichuma mbele zaidi.

Umurerwa alimpokea mlangoni. Adolphine hakungoja kiti. Alisema yote akiwa amesimama, akatoa chombo kwa mikono miwili, jani likionekana juu. Umurerwa alinusa ndani. Uso wake haukubadilika.

"Mama aliniambia ukirudisha nikupokee," alisema mwisho. "Hakuniambia nifanye nini na samaki."

Hakukiweka pamoja na vyombo vingine. Alikiweka nje, chini ya ukuta, kimeinama.

Walikaa mpaka jua likaanza kushuka. Ng'ombe alirudi, mwekundu, mzito, akitembea amepanua miguu ya nyuma. Kiwele kilikuwa kimejaa, kimetuna. Watoto wa Umurerwa walipiga makofi.

Simu ya Adolphine ikalia.

"Mama," ilikuwa sauti ya Merveille, na nyuma yake kilio chembamba, "analia. Ameangalia mulima, amefungua kinywa, hakuna kitu. Ananyonya, hakuna kitu. Mama, nifanye nini?"

Umurerwa alikuwa amesikia. Aliwaangalia watoto wake. Alimwangalia Adolphine, ambaye hakuthubutu kuomba. Halafu akaingia ndani, akatoka na chombo kingine, kisafi, kipya, akachuchumaa chini ya ng'ombe.

Shwii... shwii... shwii...

Alijaza nusu. Nusu nyingine aliwaachia watoto wake. Akafunika, akampa.

"Uje kila juma," alisema. "Usitie samaki."

Adolphine alilia hapo hapo, mbele ya watoto.

Fabien aliendesha taratibu kwa sababu ya mawe. Walipokaribia kona, mwanga ulikuwa bado kidogo, ule wa kijivu. Harufu ya moshi ilikuja ikawazunguka, na Adolphine hakujua kama inatoka kwenye chombo alichokumbatia au mahali pengine.

"Mama," alisema Fabien, akipunguza mwendo, "iko mama muzee pale juu ya jiwe. Ananyoosha mikono, kama anaomba kubeba kitu. Ni muntu wako? Tusimame?"

Adolphine alishika kifuniko kwa nguvu. Chini yake maziwa yalikuwa bado ya moto.

"Endelea," alisema. Kisha, baada ya kona, kwa sauti ndogo ambayo Fabien hakuisikia, "Nisamehe, mama. Leo niache nimupelekee mutoto mimi mwenyewe."